Ufundi wa Kukawia

Katika hadithi ya Grace Ogot iitwayo "The Rain Came", kijana Osinda anatajwa mapema kisha anatoweka. Nchi imekauka, mifugo inakufa, na mganga wa mvua, Ndithi, ameoteshwa kwamba Oganda, binti pekee wa mtemi Labong'o, lazima atolewe kwa zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Wazee wanapokutana faraghani, Oganda anadhani wanazungumzia posa yake. Anawapitia vijana wa kijiji moyoni, huyu hapana, yule hapana, na moyo unatua kwa Osinda. Halafu anaambiwa ukweli. Anaagwa kwa ngoma, anashika njia peke yake. Mtoto mdogo anamkabidhi hereni ampelekee dada yake aliyekufa juma lililopita na kuisahau. Jua linachoma, mchanga unaunguza, koo limekauka, na Osinda haonekani. Ogot anatutembeza hadi karibu na maji, jua likielekea kuzama, ndipo mkono unapotokea nyuma ya msichana na kumshika. Anazirai. Anapozinduka, kuna mtu anammiminia maji kinywani. Osinda anaugusa mkufu unaong'aa kiunoni mwake, anamfuta machozi, kisha wanajifunika majani ili macho ya mizimu yasiwaone. Wanakimbia, na radi inapasuka, na mvua inamwagika.

Shuleni hadithi hii husomeshwa kama hadithi ya kafara na mila. Mimi naisoma kama hadithi ya ashiki, na katika yote yaliyoandikwa kuhusu ufuo huu wa Ziwa Viktoria, wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, sijaona inayoipita kwa ufundi. Tazama inavyofanya kazi. Mguso wa ashiki ni mmoja tu: kidole juu ya mkufu wa kiuno. Lakini mguso huo unafika baada ya kurasa nyingi za mwili wa Oganda peke yake, ngozi yake, kiu yake, miguu yake iliyochoka, kiasi kwamba maji yanapoingia kinywani mwake msomaji naye anameza. Mwandishi mwenye pupa angemleta Osinda usiku wa kuaga, akawapa wapenzi hao kona yenye giza, na hadithi ingekuwa imekwisha kabla ya safari kuanza. Ogot amemficha. Amejua kwamba hamu haikai katika tendo. Inakaa katika muda unaotangulia tendo, na kazi ya mwandishi ni kuutunza muda huo usimwagike.

Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930, akasomea uuguzi, akafanya kazi katika hospitali ya Maseno, na hadithi hiyo ikaingia katika mkusanyiko wake Land Without Thunder wa mwaka 1968. Huyu alikuwa mwanamke aliyeujua mwili wa binadamu kwa kuugusa kazini, akiwazalisha akina mama na kuwafunga majeraha wagonjwa. Labda ndiyo maana haoni haya wala hana papara anapouandika.

Nimeanza na Ogot kwa sababu nataka kusifu kazi ambayo watu wazima wengi huisoma na wachache huitaja hadharani: hadithi fupi ya mahaba iliyoandikwa kwa ajili ya watu wazima, na hasa mkusanyiko wa hadithi za namna hiyo, ambapo waandishi kumi au kumi na tano wameketi ndani ya jalada moja, kila mmoja na namna yake ya kutamani. Ni ufundi. Unahitaji sikio, subira na uaminifu. Na nadhani ufuo wetu umeuandaa ufundi huo kwa muda mrefu kuliko tunavyojipa sifa.

Anza na siwindhe. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wameeleza jinsi wasichana wa Kijaluo walivyolala katika nyumba hiyo ya mwanamke mzee, na jinsi mwanamke huyo, pim, alivyowalea kwa maneno. Humo ndimo sigana, yaani ngano, zilimosimuliwa usiku, humo ndimo walimofundishwa habari za jamaa na koo, na humo ndimo walimosikia habari za miili yao na za wanaume, kutoka kwa mtu aliyekwisha kuyapitia. Pim hakuwa na kitabu. Alikuwa na usiku mwingi mfululizo na wasikilizaji wale wale, kwa hiyo alilazimika kujua hadithi ipi ianze, ipi ifuate, ipi isubiri mpaka wadogo wamelala. Hiyo ndiyo kazi ya mhariri wa mkusanyiko hadi leo.

Kisha kuna muziki. Wimbo wa benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, huenda polepole mwanzoni. Mwimbaji anataja jina la mpenzi, la baba yake, la kijiji alikotoka, anasifu mwendo wake. Gitaa linazungumza chini chini. Halafu sauti inanyamaza, magitaa yanaachiwa, kasi inapanda, na watu waliokuwa wameketi wanasimama. Mtu aliyekulia Kondele au Nyalenda, mjini Kisumu, amesikia umbo hilo maelfu ya mara kabla hajasoma hadithi fupi yoyote. Anajua kwa mwili wake kwamba kasi ya mwisho haina maana pasipo upole wa mwanzo.

Na kuna pakruok. Mtu anamtuza mwanamuziki, ngoma inasimama, naye anapewa nafasi ya kujigamba au kumsifu ampendaye. Ana pumzi chache tu. Hawezi kusema kila kitu, na akisema wazi mno watu watamwona hana adabu wala akili. Kwa hiyo anatafuta fumbo: anamwita jaber, yaani mrembo, anamlinganisha na kitu ambacho kila aliyemo ukumbini anakijua, na ukumbi mzima unacheka kwa sababu umeelewa kile ambacho hakikutamkwa. Muziki unarudi. Hadithi nzima ya mapenzi imesimuliwa kwa sentensi mbili, mbele ya hadhara, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Ninapoona mwandishi kijana anahangaika na ukurasa wa mahaba, akijaza vivumishi, natamani nimpeleke akasikilize pakruok usiku mmoja.

Urithi huo upo. Lakini kwa miaka mingi mwili wa mtu wa ufuo huu umeandikwa na watu wengine na kwa sababu nyingine. Kaunti za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori zimekuwa juu kabisa nchini Kenya kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi, na penye ugonjwa huja wahesabu. Wamekuja na dodoso, mabango, warsha na ripoti. Wameandika kuhusu jaboya, ule mpango wa mchuuzi mwanamke kulazimika kulala na mvuvi ili apate samaki wa kuuza. Kazi hiyo ilihitajika na imeokoa maisha. Sina neno la kuipinga. Ila tazama ilichoacha nyuma. Ukisoma maandishi yote kuhusu ngono katika ufuo wa Nam Lolwe, kama Wajaluo wanavyoliita ziwa hili, kwa miongo mitatu hivi, utakutana na hatari, umaskini, ujane, dawa na takwimu. Utakutana mara chache sana na mtu anayefurahi. Kizazi kizima kimekua kikiona tendo la ndoa kwenye bango la zahanati kabla ya kuliona katika hadithi.

Hapa ndipo hadithi ya ashiki inapopata uzito wake. Inarudisha kitu kilichotolewa kwenye orodha. Inasema kwamba mchuuzi wa samaki ana ngozi, ana kumbukumbu, ana mtu anayemfikiria anapopanga ndoo zake alfajiri. Kwamba mwanamume wa mashua ana aibu na upole. Kwamba watu hawa hutamani na hutamaniwa. Huko Nduru, kwenye ufuo huuhuu, wanawake walioamua kumiliki mashua zao wenyewe walijiita kwa jina lisilozunguka: No Sex for Fish. Wengi walilisoma kama jina la kukataa. Mimi naona ndani yake sharti la kwanza la kila hadithi nzuri ya mahaba. Ni pale tu mwanamke anapoweza kusema hapana, na samaki akampata vilevile, ndipo ndiyo yake inapokuwa na ladha. Mwandishi wa ashiki anayejua kazi huhakikisha kwamba mlango uko wazi na kwamba kila aliyemo chumbani anaweza kuondoka. Msomaji akishaona hilo, anatulia. Asipoliona, hakuna utamu wa maneno utakaomfanya asahau.

Kenya na Tanzania zimekuwa na vitabu vya mapenzi vilivyotikisa nchi, na karibu vyote vimebeba mzigo wa adhabu. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilihili upande wa Tanzania, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Kilikuwa kitabu cha ujasiri; kilizuiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya ngono, na baadaye kikaja kusomeshwa. Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, anakua bila kufundishwa lolote kuhusu mapenzi, anapotea, na mwisho anajiua. Kezilahabi alikuwa anawashitaki wazazi na jamii, na alishinda kesi. Lakini katika mikono ya walimu wasio na huruma, somo liligeuka kuwa jingine: msichana anayependa hufa.

Nairobi, wakati huohuo, David Maillu akaanzisha Comb Books na kuchapisha vitabu vidogo vya kutia mfukoni, kama My Dear Bottle na After 4.30, kuhusu makarani, pombe na wasichana wa ofisini. Watu waliokuwa hawajanunua kitabu tangu watoke shule walivinunua. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Maillu alijua jambo kubwa, kwamba mtu mzima aliyetoka kazini saa kumi na nusu anataka kitabu kinachozungumza naye kama mtu mzima, kifupi, cha bei ndogo, kinachoweza kumalizika kabla ya usingizi. Kalamu yake ilikuwa ya haraka na haikujali sana kungoja, na mara nyingi mahubiri yalikuja mwishoni kudai malipo. Hata hivyo, hesabu yake kuhusu ukubwa wa kitabu na muda wa msomaji ilikuwa sahihi, na nadhani simu ya mkononi imemthibitisha.

Mwaka 2014, kundi la waandishi la Jalada, lililozaliwa Nairobi mwaka mmoja kabla, lilitoa mkusanyiko na kuuita Sext Me. Ndani yake mna hadithi na mashairi kuhusu hamu katika zama ambapo maneno matamu hupita kwenye kioo cha simu. Uamuzi wa kuichukua mada hiyo mapema ulinifurahisha sana. Kundi changa la waandishi kwa kawaida huanza na mambo ya kuheshimika: taifa, historia, lugha. Hawa, wakiwa bado wachanga, waligeukia kitanda, na wakakichukulia kama mada inayostahili wahariri makini. Simu yenyewe ilikuwa imewapa umbo. Ujumbe wa mapenzi ni mfupi, unatumwa, halafu kuna kungoja. Alama ndogo zinaonyesha kwamba umesomwa. Jibu halijaja. Mtu anayeijua ngojangoja hiyo tayari ana nusu ya ufundi ninaouzungumzia.

Februari mwaka uliofuata, Ankara Press ya Nigeria ikatoa mkusanyiko wa bure kwa siku ya Valentino, hadithi saba za mapenzi kutoka kwa waandishi wa Afrika, kila moja ikiambatana na tafsiri katika lugha nyingine. Hadithi ya Binyavanga Wainaina ilitiwa Kiswahili na Elieshi Lema, mwandishi wa Parched Earth. Nililisoma jambo hilo kama habari kubwa kuliko lilivyotangazwa. Kwa sababu tatizo gumu kuliko yote kwa anayetaka kuandika ashiki kwa Kiswahili ni msamiati. Kwa viungo vya mwili tuna maneno ya daktari na tuna matusi. Ya daktari yanapoza ukurasa; ya matusi yanauchafua. Lazima mwandishi atafute njia ya tatu.

Pwani ina njia hiyo tangu zamani. Makungwi wa unyago, waimbaji wa taarabu, majina ya kanga, udi, asumini, shanga za kiunoni: yote hayo ni hazina ya kusema bila kutaja. Lakini mwandishi wa Kisumu akiyabeba yalivyo, hadithi yake itanuka karafuu mahali ambapo hakuna mkarafuu. Sisi tuna vitu vyetu. Tuna upepo unaogeuka na kuleta harufu ya maji hadi mtaa wa Milimani. Tuna magugumaji yanayofunga ghuba siku moja na kuondoka siku ya pili. Tuna joto la saa nane ambapo mji wote unatafuta kivuli. Na tuna mwezi.

Niruhusiwe kukaa kidogo hapo kwenye mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hutoka na taa, samaki wale wadogo huufuata mwanga, nyavu huwazunguka. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazina nguvu, mashua hupumzika, na wanaume hulala nyumbani. Maana yake ni kwamba katika kijiji cha wavuvi wa omena, anga ndiyo inayoamua nani analala na nani. Mke hujua, kwa kutazama juu tu, ni siku ngapi zimebaki. Hakuna mwandishi wa London wala Lagos aliyepewa kalenda kama hiyo.

Sasa tuseme waandishi wawili wamepewa mke huyo na usiku wa kwanza wa mwezi mpevu. Wa kwanza anamleta mume mlangoni na katika aya ya pili nguo ziko chini. Ameharakisha, na sasa hana pa kwenda ila kwenye marudio. Wa pili anaanza mchana. Mke amechemsha maji na kuyaweka mbali na moto yapoe kidogo. Mume amefika, amesalimia watoto, amekula, hajasema lolote. Anachukua ndoo, anakwenda nyuma ya nyumba kuoga. Mke yuko ndani anapanga vyombo ambavyo vimeshapangwa. Anasikia maji yakimwagika, anahesabu kila bakuli bila kutaka. Kisha maji yanakoma. Hasikii kitu. Anajua kwamba mume amesimama pale nje na yeye anasikiliza pia. "Umechoka?" anauliza mke. "Nilikuwa nimechoka jana," anajibu mume. Hapo mwandishi wa pili anaweza kuendelea au kusimama. Vyote ni halali. Akiendelea, kila atakachoandika kitaangaziwa na kile kimya cha maji yaliyokoma. Amemfanya msomaji asikilize, na msomaji anayesikiliza amekwisha kuingia chumbani.

Angalia pia kwamba mume na mke hawa wamekaa pamoja miaka, na bado kuna jambo. Riwaya nyingi za mapenzi huishia harusini, kana kwamba hamu hukoma pale. Hadithi fupi ina uhuru wa kuingia katikati ya ndoa ya miaka 20, ikachukua usiku mmoja na kutoka, bila kueleza wapenzi walikutanaje wala watazeekaje. Ndiyo sababu naamini ufupi ndio umbo halisi la ashiki. Hamu ina mwanzo, ina kilele, ina utulivu. Urefu wake ni wa usiku mmoja. Ukiinyoosha kurasa 300 lazima uichanganye na mambo mengine, urithi, wivu, ugonjwa, ili isichoshe. Katika kurasa nane haina haja ya msaada.

Lakini hadithi moja peke yake ina udhaifu: ni hamu ya mtu mmoja, na msomaji asipoipenda amefika mwisho. Mkusanyiko unatibu hilo. Mwalimu wa Ahero anayesoma kwenye simu ndani ya matatu ya kwenda mjini anaweza kumaliza moja kabla ya kushuka. Ikiwa haikumgusa, jioni kuna nyingine, yenye sauti nyingine, umri mwingine, ujasiri mwingine. Polepole anagundua anachokipenda, na pia anagundua kwamba wengine wanapenda visivyo vyake na dunia haijaanguka. Katika jamii ambako mtu hawezi kumwuliza jirani "kwako inakuwaje?", kitabu cha namna hii ndicho jibu la staha kuliko yote.

Mhariri ndiye fundi asiyeonekana hapo. Nimesoma mikusanyiko ambayo kila hadithi ni nzuri na kitabu kizima kinachosha, kwa sababu zote zinapanda mlima mmoja kwa njia moja. Na nimesoma mingine ambapo mhariri ameweka hadithi ya kuchekesha baada ya ile nzito, ameweka ya watu wawili wasiofanikiwa kabisa, mmoja anasinzia, mwingine anacheka, ili inayofuata ipate pumzi. Amejua kwamba hadithi ya kwanza lazima imkaribishe mtu mwenye haya, na kwamba ya ajabu kuliko zote isiwe ya kwanza wala ya mwisho. Amekataa hadithi nzuri kwa sababu ilifanana na nyingine. Huo ndio ugumu wa kazi yake, na hakuna anayemsifu kwa aliyoyaacha nje.

Kuna kisa cha Anaïs Nin ambacho kila mhariri wa aina hii angefaa kukijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliandika hadithi za ngono kwa ajili ya tajiri mmoja aliyelipa dola moja kwa ukurasa na kuagiza, kupitia mjumbe, kwamba ushairi uondolewe, abakishe tendo. Nin aliandika kwa sababu ya njaa, yake na ya rafiki zake, lakini alimkasirikia mnunuzi huyo, akaona kwamba anaua kile anachokinunua. Hadithi hizo zilikuja kuchapishwa mwaka 1977 kama Delta of Venus, na zimedumu kwa sababu ya yale ambayo mteja alitaka yafutwe: vyumba, mwanga, vitambaa, hofu za watu. Tendo lenyewe halijabadilika tangu Adamu. Kinachobadilika ni chumba.

Chumba cha Kisumu kimeanza kuandikwa upya. Troy Onyango, aliyeshinda tuzo ya hadithi ya Nyanza Literary Festival mwaka 2016, alianzisha mwaka 2020 jarida linaloitwa Lolwe, jina la ziwa lenyewe. Hadithi yake "This Little Light of Mine", iliyoingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Caine mwaka 2021, inamfuata mwanamume anayetumia kiti cha magurudumu akitafuta mwenzi kwenye programu za simu. Sidhani aliiandika ili iitwe hadithi ya ashiki. Lakini inafanya jambo ambalo mikusanyiko bora ya ashiki hulifanya: inampa hamu mtu ambaye jamii imeamua kwa niaba yake kwamba hana haja nayo. Baada ya kuisoma huwezi tena kumpita mtu kama huyo barabarani na kumwonea huruma tu. Umejua kwamba anangoja jibu la ujumbe kama wewe.

Kinachokosekana ni mkusanyiko wa Kiswahili wa ufuo huu, kwa watu wazima. Tuna mikusanyiko mingi ya hadithi fupi kwa Kiswahili, tena yenye waandishi hodari, lakini mingi imeandaliwa ikiutazama mtihani, kwa kuwa wachapishaji wetu wanaishi kwa soko la shule. Hadithi ya shuleni lazima iwe na maudhui yanayoweza kuulizwa swali la alama 20. Mapenzi yakiingia humo, huingia yakiwa na kosa lililotajwa na adhabu iliyokamilika. Simlaumu mchapishaji anayelipa wafanyakazi wake kwa vitabu vya darasa. Nasema tu kwamba msomaji wa miaka 45 ana mshahara, ana simu, ana usiku, na hakuna anayemwandikia kwa lugha anayoitumia kupendana.

Kitabu hicho kikija, nisingependa kiwe cha vijana wa Nairobi waliopita Dunga kula samaki. Ningependa mhariri wake aende Mbita, Usenge, Kendu Bay. Awatafute wanawake wa vikundi vya akiba ambao, wakishamaliza hesabu na kufunga kisanduku, husimulia mambo ambayo hakuna ripoti iliyoyaandika. Awatafute wavuvi waliokwisha kuacha maji. Amtafute mjane aliyekataa kurithiwa na akampenda mtu mwingine kwa hiari yake. Awalipe, kwa sababu hii ni kazi. Wakiandika Kiswahili chenye Dholuo ndani yake, akiache kama kilivyo, kwa kuwa hapa ndivyo watu wanavyobembelezana. Na mama wa miaka 70 akimletea hadithi yenye uwazi kuliko ya mjukuu wake, aichape nzima.